Picha za Kibokoni zilianza na bahasha

Kila mwenye simu Mombasa ana picha ya Ngome ya Yesu. Mimi pia ninazo, tena nyingi. Nilichokitaka sasa ni yale yanayopita nyuma ya ngome hiyo kila siku: mikokoteni ya maji, mahamri ya asubuhi, wazee barazani na kahawa yao. Mitaa ya Mji wa Kale nimeikanyaga tangu utotoni, lakini sikuwa na picha yake hata moja yenye uhai.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilishika barabara ya Ndia Kuu, simu usoni, napiga huku natembea. Mama mmoja aliyekuwa kizingitini akipeta mchele akanisimamisha.

"Mwanangu, umeniomba?"

Sikuwa nimemwomba. Nilimtaka radhi, nikaifuta picha mbele yake, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa na haki. Kizingiti ni nyumbani kwa mtu, hata kama miguu yake iko njiani.

Jumamosi iliyofuata simu ilikaa mfukoni. Baada ya swala ya alasiri niliketi barazani Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, nikaagiza kahawa chungu na kashata. Muuza kahawa alikuwa mzee wa kanzu iliyopauka, dele lake la shaba, yaani birika la kahawa, likiwa na makaa chini, na vikombe viwili akivigonganisha kwenye kiganja kimoja. Mlio ule huusikia kabla hujamwona mwenyewe. Nilipofika kikombe cha tatu ndipo nikamwambia, "Mzee, naomba nikupige picha."

Akacheka. "Piga. Mimi nishapigwa picha na ulimwengu mzima, na nyumbani sina hata moja."

Neno lile lilinikaa. Wiki hiyo hiyo nilisafisha picha sita, nikazitia kwenye bahasha, nikampelekea zake mbili. Ya uso aliitazama kimya, akaitia mfukoni mwa kanzu. Ya mikono na vikombe akaizungusha baraza nzima, na wazee wakaanza kubishana mkono ule uliotokea nyuma, umeshika kipande cha kashata, ni wa nani. Tangu siku ile yeye ndiye anayeniombea ruhusa. "Huyu huleta," huwaambia watu.

Mwanga nao ulinisumbua. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, kuta nyingi nyeupe. Jua la mchana linapopenya huangukia ukuta mmoja tu, na simu huigeuza kanzu kuwa doa jeupe lisilo na mkunjo. Dawa niliyoipata ni kugusa kioo pale penye mwanga mkali, kisha kukivuta chini kile kialama cha jua mpaka mikunjo ya nguo irudi. Lakini bora zaidi ni kuamka mapema. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, kwa hiyo kwenye saa moja asubuhi jua hupanda kutoka ng'ambo ya maji na kuingia moja kwa moja kwenye njia zinazoteremka pwani.

Saa hiyo ndiyo ya mahamri. Mzee alinipeleka kwa mama mmoja apikaye mlangoni pake. Hamri likitiwa karaini huzama, hutulia, kisha huibuka. Hapo yeye hulimwagia mafuta mgongoni kwa kijiko, nalo huvimba ghafla. Ni kufumba na kufumbua. Nilikosa asubuhi tatu. Ya nne nikalipata, moshi umesimama ndani ya jua, na mikono yenye hina iliyoanza kufifia. Uso aliukataza, nami sikuuliza mara ya pili.

Nilimsafishia nakala yake, na kwa ombi lake nikamtumia bintiye aliyeko Maskati ile ya kwenye simu. Jibu lilikuja kwa sauti, mama akaliweka tulisikie sote. Binti alikuwa akiuliza kama karai lile bado ni la bibi.