Kutoka Moshi hadi Ngaramtoni, Usiku wa Dhahabu ya Tokyo

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 2025 nilipanda kosta katika stendi ya Moshi kwenda Arusha kwa nia moja tu, nayo ilikuwa kuitazama marathoni ya wanaume ya Mashindano ya Dunia ya Riadha nikiwa pamoja na watu wanaozijua mbio hizo kwa miguu yao. Mbio zenyewe zilipangwa kufanyika Tokyo asubuhi ya Jumatatu, na kwa kuwa Japani imetutangulia kwa saa sita, kwetu zilikuwa ziangukie usiku wa manane. Ningeweza kuzitazama nyumbani kwangu, lakini mpwa wangu anafanya mazoezi na kikundi cha wakimbiaji wa mbio ndefu kule Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, na alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba wenzake wote wangekesha. Alphonce Simbu, mwana wa Singida ambaye kwa miaka mingi ameifanya Arusha kuwa mahali pake pa mazoezi, alikuwa miongoni mwa watakaokimbia. Nikaona kwamba usiku kama huo haufai kukaliwa peke yangu.

Tuliondoka alasiri, jua likiwa kali na vumbi la kiangazi limetanda juu ya mashamba. Baada ya daraja la Weruweru na lile la Kikafu, abiria walianza kuzoeana na mazungumzo yakaelekea kwenye mpira, kama ilivyo desturi ya magari ya njia hii. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu ndiye aliyeileta riadha katika mazungumzo. Alisoma kwenye simu yake matokeo ya marathoni ya wanawake iliyokwisha alfajiri ya siku hiyo kwa saa zetu: Peres Jepchirchir wa Kenya alikuwa ameshinda kwa saa 2:24:43, na Tigst Assefa wa Ethiopia akamfuata kwa saa 2:24:45. Kijana mmoja aliuliza kama kweli watu wanaweza kukimbia kilomita 42 kisha wakaachana kwa sekunde mbili. Yule mama akamjibu kwamba wameachana ndani ya uwanja, wakifukuzana kama watoto wa shule. Nafasi ya tatu ilichukuliwa na Julia Paternain wa Uruguay, aliyefika zaidi ya dakika mbili na nusu baadaye, na nadhani ndani ya gari lile hakuna aliyewahi kuisikia Uruguay ikitajwa katika mbio ndefu.

Tulipokuwa tunakaribia njia panda ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, fainali ya mita 10,000 ya wanaume ilikuwa ikikimbiwa Tokyo, na matokeo yake yalinifikia muda mfupi baadaye. Jimmy Gressier wa Ufaransa alikuwa ameshinda kwa dakika 28:55.77, akimwacha Yomif Kejelcha wa Ethiopia kwa sehemu sita tu za mia ya sekunde. Wanaofuatilia mbio hizo wanajua kwamba muda huo ni wa polepole kwa watu wa kiwango kile, na sababu yake si ngumu kuielewa. Katika mashindano ya dunia hakuna wakimbiaji wa kukodiwa wanaotangulia mbele kuvuta kasi, kama inavyokuwa katika marathoni za miji mikubwa au mikutano ya riadha ya Ulaya. Kila mmoja huogopa kuwa wa kwanza kutoka mbele, hasa Tokyo ikiwa na joto na unyevu kama wa siku zile, na hivyo kundi husafiri pamoja hadi mwisho, ambapo mshindi ni yule aliyebakiza mbio za kasi miguuni. Nilianza kuhisi kwamba marathoni ya usiku ule nayo ingekwenda kwa njia hiyo, na hisia hiyo ilinitia hofu, kwa sababu historia yetu katika sekunde za mwisho ni historia yenye maumivu.

Mlima Meru ulikuwa umekwisha kujitokeza mbele yetu tulipofika Kikatiti, na kutoka pale hadi Usa River niliipitia historia hiyo kichwani. Sisi si taifa lisilojua ushindi: Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, na Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Lakini tazama mara ambazo tumekuwa wa pili. Moscow mwaka 1980 Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter kwa chini ya sekunde moja. Brisbane mwaka 1982 Juma Ikangaa alikimbia saa 2:09:30, muda ambao ungetosha kushinda karibu marathoni yoyote ya wakati ule, na bado Rob de Castella wa Australia akampita na kumaliza sekunde 12 mbele yake. Boston mwaka 1988 Ikangaa huyo huyo alimaliza sekunde moja nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, kisha akawa wa pili tena mwaka 1989 na mwaka 1990. Alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya, lakini ile sekunde moja ya Boston wazee wa riadha huitaja hadi leo kwa sauti ya chini.

Mashindano ya Dunia yenyewe yalianza Helsinki mwaka 1983, na kwa zaidi ya miaka 40 Tanzania ilikuwa imevuna humo medali mbili tu, zote za marathoni. Ya kwanza ni fedha ya Christopher Isegwe, huko huko Helsinki mwaka 2005, alipofika sekunde 11 nyuma ya Jaouad Gharib wa Morocco. Ya pili ni shaba ya Simbu huko London mwaka 2017, alipokimbia saa 2:09:51 huku Tamirat Tola wa Ethiopia akiichukua fedha kwa saa 2:09:49. Sekunde mbili tu zilimnyima fedha.

Nilipofika Arusha nilipanda Hiace ya Ngaramtoni bila kukawia. Mpwa wangu alinipokea kituoni kwa shikamoo na kunibebea begi, na tukatembea hadi nyumba waliyopanga, ambako chungu cha ugali na dagaa kilikuwa tayari jikoni. Oblique Seville wa Jamaika alikuwa amekwisha kushinda mita 100 kwa sekunde 9.77, na vijana wale walizitazama tena picha zake kwa furaha, lakini walizungumza zaidi juu ya marathoni. Walimjua kila mshindani kwa muda wake bora. Mmoja alikumbusha kwamba mwezi Aprili, huko Boston, Simbu alikuwa wa pili kwa saa 2:05:04, na kwamba Cybrian Kotut wa Kenya aliandikiwa muda ule ule akawekwa wa tatu, maana yake Simbu alimshinda katika hatua za mwisho. Mwingine akasema kwamba huko ndiko kulikokuwa na dalili, kwa sababu mtu wa London wa mwaka 2017 hakuwa na umaliziaji wa namna ile. Niliukubali uchambuzi huo papo hapo, na mpaka sasa nadhani ndio uliokuwa bora kuliko wote niliousikia usiku ule.

Mbio zilianza kwa kioja: mwanariadha mmoja alitoka kabla ya ishara na wote wakarudishwa mstarini, jambo ambalo katika marathoni ni nadra sana. Baada ya hapo kundi kubwa lilikwenda pamoja kwa kilomita nyingi, kasi ikiwa ya tahadhari. Sitaeleza kila kituo cha maji. Lililo muhimu ni kwamba Simbu hakuonekana mbele kwa muda mrefu, wala hakupotea, na kila kamera iliporudi kwenye kundi, vijana walimtafuta kwa vidole kwenye kioo cha televisheni mpaka wakampata. Wakenya na Waethiopia, ambao kwa kawaida ndio wanaoigawana marathoni ya dunia, walipungua mmoja baada ya mwingine. Saa tisa na nusu usiku ilipopita, chumba kilikuwa kimenyamaza, na waliokuwa wameketi chini walikuwa wamesimama.

Watu watatu ndio walioingia katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo wakiwania dhahabu: Iliass Aouani wa Italia, Amanal Petros wa Ujerumani na Simbu wetu. Petros, aliyezaliwa Eritrea na kufika Ujerumani akiwa kijana, alichomoka mbele, na katika mita 100 za mwisho kila aliyekuwa chumbani aliona kwamba fedha nyingine ya Tanzania inakuja. Niliikumbuka Boston ya 1988. Ndipo Simbu alipoanza kukimbia kama mtu aliyeingia mbioni dakika ile. Alimfikia Petros karibu kabisa na mstari, wakajitupa mbele wote wawili kifua kwa kifua, Petros akaanguka, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema nani amefika kwanza.

Tulisubiri. Waamuzi walikuwa wakiisoma picha ya mstari wa kumalizia, ambayo hutumika katika mita 100 na ambayo katika marathoni haihitajiki karibu kamwe. Mpwa wangu alikuwa ameushika mkono wangu bila kujua, na akaubana zaidi jina lilipotokea kwenye ubao: Simbu, saa 2:09:48. Petros alipewa muda ule ule wa saa 2:09:48, na tofauti yao ilipimwa kuwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Aouani alikuwa wa tatu kwa saa 2:09:53. Kelele zilizopigwa katika nyumba ile ziliwaamsha majirani, na jirani mmoja mzee alipogonga mlango kuuliza kulikoni, akaelezwa, alirudi kwake na kuja na mkewe wakae nasi kuangalia marudio. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Asubuhi mwalimu wa kikundi aliwaruhusu vijana waanze mazoezi kwa kuchelewa, nami nikamfuata kwa pikipiki yake wakati wanakimbia mbio nyepesi kando ya barabara ya Namanga, malori yakiwapita karibu mno kuliko ningependa. Nilimuuliza kama ushindi wa namna ile ni bahati. Alinijibu kwamba bahati ipo katika picha ya mstari, lakini kufika hapo ukiwa na nguvu ya kukimbia mita 100 baada ya kilomita 42 hakuwezi kuwa bahati. Umaliziaji hufundishwa, alisema, na huchukua miaka. Aliitaja orodha ya Simbu kwa kumbukumbu: wa tano Rio mwaka 2016, shaba London mwaka 2017, wa saba katika Olimpiki ya Tokyo, fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022, wa 17 Paris mwaka 2024, wa pili Boston. Wakimbiaji wengi wenye miguu kama yake huacha mashindano ya ubingwa na kufuata pesa za marathoni za miji, na siwalaumu, kwa kuwa wana familia za kulisha. Lakini Simbu, ambaye ni askari wa JWTZ kama alivyokuwa Ikangaa, aliendelea kurudi katika mbio zisizo na wa kuvuta kasi, na huko ndiko mtu anakojifunza kuwasoma wenzake.

Tulimzungumzia pia John Stephen Akhwari, ambaye kila mtoto wa Tanzania anafundishwa jinsi alivyomaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu ukiwa umefungwa bandeji. Ninamheshimu mzee huyo kwa moyo wote. Hata hivyo ninaamini tumewafundisha watoto nusu ya habari yake, kwani miaka miwili baadaye, huko Edinburgh, Akhwari alimaliza wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa mkimbiaji hodari, wala hakwenda Mexico ili avumilie tu. Mwalimu alikubaliana nami, na akasema kwamba vijana wake sasa wana mfano wa mtu aliyevumilia kisha akashinda.

Nilirudi Moshi redio ya kosta ikilitaja jina la Simbu kila baada ya wimbo. Mashindano yaliendelea hadi tarehe 21 Septemba, na siku ya mwisho Botswana iliwashinda Wamarekani katika mita 400 mara nne kupokezana vijiti kwa dakika 2:57.76 dhidi ya 2:57.83, sehemu saba za mia ya sekunde. Katika jedwali la medali Kenya ilimaliza ya pili kwa dhahabu saba, nyuma ya Marekani. Tanzania iliondoka na medali moja, ya dhahabu.

Mpwa wangu sasa anajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon ya Februari, ambayo huanzia na kumalizikia katika uwanja wa Ushirika hapa Moshi. Mwalimu wao ameongeza mbio fupi za kasi mwishoni mwa mazoezi marefu ya Jumamosi, na kijana huyo ameniomba atakapokuja nimsindikize uwanjani nikiwa na saa, nimpimie mita 200 za mwisho akiwa amekwisha kuchoka.