Karibu duniani, Chantal

Binti wa binamu yangu Bujumbura kapewa jina Chantal. Mjomba akadai eti maana yake ni wimbo, watu wakapiga makofi. Wapi! Asili yake ni jina la mahali, kutoka neno la kale la kusini mwa Ufaransa lenye maana ya jiwe. Lilienea kwa heshima ya Mtakatifu Jeanne de Chantal, mjane aliyeanzisha shirika la watawa mjini Annecy mwaka 1610 huku akilea watoto wake. Mama wa shoka huyo! Ufaransa lilivuma miaka ya 1950. Leo ukiita Chantal huko, anageuka bibi. Burundi, Rwanda na Kongo akina Chantal wamejaa. Shangazi kashaanza kumwita Shanta.