Ukifanya kazi nyumbani, pima muda wa kurudi

Ushauri mwingi kuhusu kufanya kazi ukiwa nyumbani huanzia kwenye meza na kiti. Vina nafasi yake, nami nitavigusa, lakini saa nyingi hazipotelei hapo. Zinapotelea kwenye viungio vya siku: umeitwa mlangoni, simu imeita, umeme umekatika, kikao kimekwisha, na sasa umekaa tena mbele ya skrini ukijiuliza ulikuwa unafanya nini. Jambo lililokuinua lilichukua dakika mbili. Kurudi kunaweza kukula robo saa, na hakuna anayeihesabu.

Nyumbani huwezi kuzuia kila kinachokukatiza. Unachoweza ni kufupisha njia ya kurudi. Kwa hiyo zana au zoea lolote nalipima kwa swali moja: litanirudisha kazini upesi kiasi gani?

Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla hajaimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye kazi aliyoiacha, na ile anayoiendea hudhoofika. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb walionyesha kinachosaidia, na ni kitu chepesi mno: kabla hujaondoka, andika kwa ufupi umefika wapi na ukirudi utaanza na nini.

Fanya hivyo kwa karatasi na kalamu, upande wa mkono unaoandikia. Programu ya simu haifai kwa hili, kwa sababu ukiifungua tu unakutana na arifa tatu na tayari umeshakatizwa mara ya pili. Ukiitwa, jibu “nakuja, namalizia mstari”, kisha andika kabla hujainuka. Ubora wa mstari huo ndio kila kitu. “Kuendelea na ripoti” haukusaidii chochote, maana hilo ulilijua. “Jedwali la 3: jumla haikubaliani na faili la Machi, angalia mstari wa 41 kwanza” unakusaidia, kwa kuwa mkono unajua pa kwenda kabla kichwa hakijachangamka. Kama kazi yenyewe ni maandishi au msimbo wa programu, weka pia alama isiyotumika kwa kawaida, mfano ###, pale pale ulipokomea. Ukirudi, bonyeza Ctrl na F, itafute, umefika.

Zoea hilo hilo ndilo la kufunga siku. Tenga dakika 10 za mwisho: andika kazi ya kwanza ya kesho kwa undani ule ule, acha faili lake wazi, funga vichupo vingine vyote vya kivinjari. Asubuhi anza na faili hilo kabla ya barua pepe. Barua pepe ni orodha ya mahitaji ya watu wengine, na ukiifungua kwanza, saa zako bora zitakwenda kwenye majibu ambayo yangeweza kusubiri hadi saa 5. Wenye kazi ya kuhudumia wateja hawana uhuru huo, lakini hata wao wanaweza kuilinda nusu saa moja.

Kuhusu saa ya kuhesabu muda, njia inayojulikana zaidi ni Pomodoro, iliyobuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za mapumziko, na baada ya mizunguko minne, mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Ni nzuri sana kwa kazi unayoikwepa, kwa sababu dakika 25 hazimtishi mtu. Kwa kazi inayohitaji kushika mambo mengi kichwani kwa pamoja, kama hesabu ndefu au uandishi wa programu, naona inakata mapema mno: saa inalia ndipo umezama. Huko tumia 50 kwa 10. Kinachoiharibu njia hii ni mapumziko yenyewe. Ukipumzika kwa kuperuzi simu, dakika 5 hazina mwisho. Chagua jambo linalojimaliza lenyewe: kujaza chupa ya maji, kunyoosha mgongo, kuosha vikombe viwili. Macho nayo yana ratiba yake: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Simu ikae chumba kingine, au iwe katika hali ya kutosumbua. Watu wengi huiogopa hali hiyo wakidhani dharura itawapita. Ingia kwenye mipangilio yake: unaweza kuruhusu namba chache uzichague wewe, na kuna sehemu ya kuruhusu mtu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache. Iwashe, kisha waambie watu wako: jambo likiwa la haraka, piga mara mbili mfululizo. Kwa walio ndani ya nyumba, ishara moja inayoonekana yatosha, mlango uliofungwa au hedifoni kichwani, pamoja na saa ya kutoka iliyotajwa waziwazi. Hapa usivunje ahadi. Mtoto aliyeambiwa “saa 5” na ukatoka saa 5 atasubiri tena kesho. Akingojea mpaka saa 6, kesho atabisha hodi saa 3.

Sasa umeme, maana hapa ndipo kurudi huwa kurefu kuliko kote. Kompyuta mpakato ina betri yake, ruta, kile kifaa kinachokugawia Wi-Fi, haina. Umeme ukikatika kwa sekunde tatu tu, ruta inazima, inawaka upya, na kikao kinaanza bila wewe. Geuza adapta ya ruta usome: nyingi huandikwa 12V 1A, yaani haizidi wati 12, na mara nyingi ruta hutumia pungufu ya hapo. Kuna betri ndogo za akiba zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, na hizo ndizo ninazopendekeza. Njia ya pili ni pawabenki na waya unaopandisha volti 5 kuwa 12.

Hesabu ya pawabenki huwapoteza wengi. Zile mAh 20,000 zilizoandikwa juu hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, kwa hiyo ni kama wati-saa 74. Toa hasara ya kubadilisha volti, zinabaki 60 hivi. Ruta inayotumia wati 8 itadumu zaidi ya saa 7. Lakini tundu la kawaida la USB la volti 5 na ampia 2 linatoa wati 10 tu. Ukilifunga kwenye ruta ya 12V 2A, ruta itawaka vizuri, kisha itajizima pale watu wengi wanapoanza kuitumia, nawe utailaumu kampuni ya intaneti bure. Jambo lingine: pawabenki nyingi hukata umeme kwa nukta moja unapochomeka au kuchomoa chaja yake, na nukta hiyo inatosha kuiwasha ruta upya. Betri za akiba za ruta hazina kasoro hiyo zikiwa nzima. Hakikisha volti zinalingana na kwamba chanya na hasi za plagi zimekaa kama mchoro ulio kwenye adapta. Na kama intaneti yako inaingia kupitia kisanduku cha faiba kilicho mbali na ruta, nacho kinahitaji umeme wake. Betri kwa ruta peke yake itakupa Wi-Fi isiyo na intaneti.

Kwa Wi-Fi yenyewe, ruta nyingi hutoa masafa mawili. Yale ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, na oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na hapo hapo, ndiyo maana mtandao huyumba mtu akipasha chakula. 5 GHz ni ya kasi na huchoka mapema. Meza ikiwa karibu na ruta, tumia 5 GHz; bora zaidi, vuta waya wa mtandao, unaofika mpaka mita 100. Mtandao ukilegea katikati ya kikao, zima picha yako kabla hujaanza kuwasha na kuzima vitu. Sauti pekee huhitaji sehemu ndogo sana ya kinachohitajiwa na video.

Hedifoni za waya zinanishawishi kuliko za Bluetooth kwa vikao. Nyingi za Bluetooth, maikrofoni ikiwashwa tu, hushuka kwenye hali ya simu na sauti hugeuka nyembamba kwa pande zote mbili. Kila “samahani, hukusikika” ni kukatizwa kwingine.

Vikao vipange vya dakika 50 badala ya saa nzima. Zile 10 zinazobaki ziwekwe kwenye kalenda kama miadi, na kazi yake ni moja: kuandika kilichoamuliwa, nani anafanya nini, kabla hujafungua kitu kingine. Ujumbe wa kazi nao uandike ukiwa kamili. “Habari, upo?” humkatiza mwenzako mara mbili, mara ya kuitika na mara ya kujibu. Andika salamu, unachotaka, unakihitaji lini na umeshajaribu nini, vyote katika ujumbe mmoja.

Meza na kiti, kama nilivyoahidi. Tatizo la kompyuta mpakato ni kwamba skrini na kibodi vimeshikana: ukiweka mikono sawa, shingo inainama. Iinue kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa urefu wa mkono, kisha tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Viwiko viwe karibu nyuzi 90, nyayo zikae chini zote. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako skrini inang’aa, na kwenye video unageuka kivuli.

Kwa wiki ya kwanza, pembeni mwa kila mstari unaoandika ukikatizwa, weka herufi ya chanzo: M kwa mtu, S kwa simu, U kwa umeme au mtandao, W kwa wewe mwenyewe uliyeinuka bila kuitwa. Ijumaa hesabu herufi, kisha shughulikia iliyotokea mara nyingi kabla hujanunua chochote. W zikiwa nyingi, angalia uliinuka ukiwa kwenye kazi gani. Mara nyingi ni ile ambayo hatua yake inayofuata haikuandikwa.