Wateja waliomfunza tajiri wa Shell

Kila nikipita Shimanzi hapa Mombasa nikaona yale matangi ya mafuta, humkumbuka Marcus Samuel wa London, mwanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Shell. Babake aliuza mapambo ya makombe ya baharini, ndiyo asili ya jina Shell, yaani kombe kwa Kiingereza, na meli zao zikaitwa kwa majina ya makombe hayohayo: Murex, Conch, Clam.

Mwaka 1892 Murex ilivuka mfereji wa Suez na mafuta ya taa ya Urusi, yamemiminwa moja kwa moja tumboni mwa meli. Standard Oil ya Marekani ilikuwa ikisafirisha yake kwa madebe ya bati, mawili mawili kwenye makasha ya mbao. Hesabu ya Samuel ilikuwa tamu: hakuna bati, hakuna mbao, bei ishuke.

Mafuta yakafika Asia yakadoda. Samuel alidhani watu watakuja na vyombo vyao, kumbe wao walitaka debe la buluu la Mmarekani. Mafuta yakiisha, debe linabaki.

Wanaosimulia kisa hiki hushangaa. Mimi wa Majengo nishangae nini? Paa la jiko la uani kwa bibi lilikuwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, yamepandana kama magamba ya samaki, na mvua ya mwaka ikipiga hamsikizani. Muuza maji naye alipita na mzegazega, debe huku na debe huku, na juu ya maji kaweka kijibao kinachoelea yasimwagike. Mbaazi, mahindi, mchanga wa fundi, vyote kwa debe. Nani angeyaacha hayo kwa ajili ya mafuta ya rahisi?

Nampa haki yake Samuel, hakubishana. Alituma shehena ya bati, madebe yakaundwa hukohuko Asia na kupakwa rangi nyekundu. Ya Mmarekani yalifika yamebonyea na kuchubuka kwa safari, yake mapya yanang'aa. Biashara ikashika.

Sasa nenda kituo cha mafuta hapa mjini ukanunue mafuta ya taa. Utapimiwa kwenye pampu, na kidumu uje nacho mwenyewe. Wazo lake lililododa ndilo tunaloishi nalo leo, na paa la jiko tununue mabati dukani.