Goli la Aziz Ki wamelipeleka wapi?

Nimetoka kibanda umiza sasa hivi, sauti sina.

Dar tulitoka 0-0. Leo Pretoria, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga wamecheza na Mamelodi Sundowns kiume kabisa.

Kipindi cha pili Aziz Ki anaachia shuti. Mpira unagonga mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa goli, unadunda chini, ndani ya mstari. Ndani! Banda zima tumeshakumbatiana, soda zimemwagika.

Halafu VAR, refa wa video.

Tukasubiri. Kelele zote zimekatika, watu wameganda macho kwenye skrini kama wanasubiri matokeo ya kidato cha nne.

Hakuna goli.

Kilichoniuma zaidi? Pembeni yangu kakaa jamaa wa Simba, roho yake iko Cairo, ambako Simba wake wana mechi na Al Ahly. Huyu hajawahi kututakia mema hata siku moja. Marudio yalipoonyeshwa akashika kichwa: “Aah, hapana. Hilo goli bwana.”

Mtani kabisa!

Penalti tukatolewa 3-2. Penalti nakubali, ndiyo mpira. Ila robo fainali ya Afrika bila teknolojia ya mstari wa goli, jamani?

Wananchi, Yanga wenzangu mlioangalia, mliona nini? Na watani leo semeni ukweli.