Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa Mwanza

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri niko juu ya bodaboda kuelekea soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, begi la kamera kifuani. Mteja wangu ni mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, anataka picha za bango na za WhatsApp. Siku kaichagua mwenyewe kwa kuangalia mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, mzigo unapungua.

"Mwanangu, usinipige na kanga hii ya kazini."

"Shikamoo mama. Tupige na hii kwanza, halafu utabadilisha."

Jua la hapa hutokea upande wa mji, nyuma ya vilima na mawe, kwa hiyo ufukweni mwanga hubaki laini kwa muda kabla haujaanza kuchoma. Makuli wanapita na magunia, wananipigia kelele nipishe njia. Picha bora ni ile anayobishana na mnunuzi, kanga ya kazini kiunoni. Bango, najua, litatoka na ile ya kitenge.

Saa tatu nafungua studio, Mlango Mmoja. Ukutani, juu ya bei za picha, nimebandika picha ya mwanamke aliyevaa akapendeza, kasimama kwa kujiamini. Wateja huniuliza kama ni bibi yangu. Huwa najibu ndiyo, bibi wa kazi.

Ni Felicia Abban wa Ghana, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kwao kufanya upigaji picha kama taaluma. Alianza kujifunza kwa baba yake huko Sekondi-Takoradi akiwa na miaka 14, na katika miaka ya 1950, akiwa bado binti, akafungua studio yake Jamestown, Accra. Miaka ya 1960 alimpiga picha Rais Kwame Nkrumah. Mwaka 2019 Ghana ilipokuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, picha zake zilikuwemo. Alifariki 2024.

Wanaomwandika wengi humwanzia kwa Nkrumah. Mimi humwanzia kwenye kibao cha studio: Day and Night Quality Art Studio. Mchana na usiku! Mwanamke wa miaka ile kuutangazia mji mzima kwamba hata giza likiingia yupo kazini, hilo kwangu ni kubwa kuliko kumpiga rais. Rais ni mteja mmoja. Studio huendeshwa na watu wa mtaani wanaokuja na shilingi zao.

Kama hawa wa leo: pasipoti saizi, mandhari ya bluu, koti la studio linalovaliwa na kila mwombaji kazi. Mchana unaishia hapo, pamoja na ugali na sato.

Saa kumi jioni navaa kwa ajili ya send-off, sherehe ya kumuaga bi harusi, kisha naweka kamera kwenye tripodi karibu na dirisha na kujipiga mwenyewe. Hili nimelichukua kwa Abban. Kabla ya kwenda shughulini alikuwa akijipiga picha akiwa amevaa, na picha hizo zikawa tangazo la studio yake. Mashangazi wa bi harusi huangalia umevaaje kabla hawajauliza bei. Lakini pia napima mwanga kwa ngozi yangu. Kamera ukiiacha ijiamulie hutafuta wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, yenyewe inapunguza mwanga, na uso mweusi wa bi harusi unazama. Napima uso. Gauni litajijua.

Saa moja usiku, ukumbini Nyakato, baba mmoja wa kamati ananipita mara mbili akiuliza mpiga picha amefika.

"Nimefika baba, shikamoo."

"Aah, marahaba. Nilidhani umekuja na mwenzako."

Sina mwenzangu. Nina stendi mbili za flashi, na nimeshamuuliza MC bwana harusi mtarajiwa amekaa wapi, maana bi harusi akianza kumtafuta katikati ya wageni sipati nafasi ya kumwomba arudie. Amefichwa meza ya nyuma kabisa, karibu na spika. Nimemkuta pale pale kabla ya vigelegele.

Saa sita usiku nahamisha picha kwenye diski mbili tofauti, nikihesabu nani bado hajamalizia malipo. Mama wa bi harusi amenitumia ujumbe: kabla ya albamu, anataka picha ya bibi yao wa Sengerema akicheza, isafishwe kubwa, iwekwe fremu, kwa sababu bibi hana simu. Nimemjibu: itakuwa tayari Jumatano, na fremu ni bei tofauti.