Kutembezwa Pangani na Karani wa Forodha

Kabla ya Julai ile, Pangani kwangu ilikuwa mahali pa kungojea pantoni tu. Nilizoea kushuka kwenye basi la Tanga, kuvuka kwenda Bweni na kuendelea na safari ya Mkwaja bila hata kugeuza shingo. Safari hii tulikuja kwa ajili ya mji wenyewe, walimu wachache wa somo la historia, na aliyetutembeza alikuwa mzee mwenyeji ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa ukarani wa forodha. Tulipomwamkia alimwitikia kila mmoja wetu marahaba yake, akatutazama viatu, kisha akasema, “Tutakwenda kwa miguu, wanangu. Mji huu umejengwa na watu waliokuwa wakihesabu mizigo, na mizigo haihesabiwi ukiwa ndani ya gari.”

Tulianza kando ya mto, kwenye mtaa wenye nyumba kuukuu za ghorofa ambazo roshani zake zimeinamia barabara. Mto Pangani huanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, ukasafiri kilomita zipatazo 500 hadi kuingia baharini hapo hapo tulipokuwa tumesimama, lakini mzee hakutaka tuutazame kama mto, bali kama lango. Katika karne ya 19 misafara ilitoka hapa kwenda Usambara, Kilimanjaro na Umasaini, na kilichorudi nayo, pembe za ndovu pamoja na binadamu waliofungwa minyororo, kilipita mbele ya macho ya watoza ushuru wa Sultani wa Zanzibar kabla ya kupakiwa majahazini. Akatusimamisha kwenye mlango mmoja wa nakshi, akaweka kidole juu ya mchoro wa mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu yote, akaufuata polepole hadi chini ambako mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa. Pembeni ya mlango chokaa ilikuwa imebanduka, na ndani ya ukuta mawe ya matumbawe yalionekana waziwazi, mengine yakiwa bado na vitundu vya wadudu wa baharini. Alimwambia mwenzetu mmoja apitishe kiganja hapo, naye aliurudisha mkono ukiwa na vumbi jeupe.

Bomani hatukukaa sana. Mzee alitueleza hadithi inayosimuliwa sana Pangani, kwamba chini ya nguzo za jengo lile walizikwa watumwa wakiwa hai ili liwe imara, akaongeza kwamba yeye aliipokea kwa wazee na hajapata kuona ushahidi wake. Nilimheshimu kwa kuitenga hivyo hadithi na yale aliyokuwa tayari kuyasimamia. Wenye kutembeza wageni huwa hawajali sana mpaka huo.

Aliyokuwa tayari kuyasimamia ni mambo ya mwaka 1888, na hapo ndipo alipotuketisha barazani kivulini, akasimulia kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said aliikabidhi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani pamoja na forodha zake, na Agosti kampuni ikaja kuchukua alichoandikiwa. Wakala wake hapa Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo, na simulizi za mji zinasema kwamba katika siku hizo za Idi Wajerumani waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa. Mzee hakulipuuza tusi hilo, ila alitutaka tuanze na forodha. “Anayekaa mlangoni pa mto ndiye anayekula,” alisema. “Waliona mlango umebadilishiwa mwenyewe bila wao kuulizwa.” Watu wa mji walimzingira Zelewski ndani ya nyumba yake hadi akaja kuokolewa na Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi ya Sultani, na vita vikaenea pwani vikiongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa katika bonde hili hili, huku Saadani ikishikwa na Bwana Heri. Hermann Wissmann, kamanda aliyetumwa na serikali ya Ujerumani kuvizima vita hivyo, aliuteka mji Julai 1889. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa hapa Pangani. Nyundo naye aliuawa Lugalo, huko Iringa, mwaka 1891 na Wahehe wa Mkwawa, jambo ambalo nimelifundisha miaka mingi darasani pasipo kulihusisha hata siku moja na mtaa huu.

Jioni tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni, kwa kuwa mzee alisema historia ya ng’ambo ni ya forodha pia, isipokuwa mzigo ndio uliobadilika. Upande huo wa kusini ndiko lilikokuwa shamba la Kikogwe, ambako mwaka 1893 ilipandwa mikonge 62 iliyonusurika kati ya miche 1,000 aliyoiagiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida, Marekani, na kutokana na hiyo michache Tanga nzima ikageuka nchi ya katani. Mmoja wetu alianza kusifu ujasiri wa mtaalamu yule. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, ndipo akatueleza habari za baba yake aliyekuwa mkataji wa mkonge kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo mafungu ya majani yalipungua idadi iliyotakiwa haikuandikwa, hata kama mtu alishinda shambani tangu alfajiri na mikono imechanika kwa miiba. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Nilimuuliza kama hiyo ndiyo sababu ya yeye kuutafuta ukarani, naye akacheka akasema, “Baba alitaka angalau mtoto wake mmoja awe upande wa wanaohesabu.”